Kutoka Yellowstone hadi Zion kwa pikipiki na traiki: namna ninavyoipanga safari ya Septemba

Mwenye gari anayetaka kuzitembelea hifadhi za taifa za magharibi mwa Marekani anaweza kufungua ramani, akaiunganisha Yellowstone na Grand Teton, akateremka hadi Bryce Canyon na Zion, akajumlisha kilomita na kuzigawa kwa siku zake za likizo, na safari yake ikaenda vizuri tu. Mwendesha pikipiki akipiga hesabu hiyo hiyo atateseka njiani, kwa sababu yeye yuko nje. Jua la jangwani, baridi ya alfajiri milimani, upepo wa pembeni wa Wyoming na mvua ya mawe inayoshuka ghafla alasiri, vyote vinamfikia mwilini, naye hana kioo cha kupandisha wala kiyoyozi cha kuwasha. Ninaishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah, na nimeendesha pikipiki katika barabara hizi kiasi cha kusema kwa uhakika kwamba safari ya namna hii hupangwa kwanza kwa mwinuko wa mahali na saa ya siku, ndipo kilomita zikafuata. Mwaka huu naipanga kwa uangalifu zaidi ya kawaida, maana nitakuwa na mgeni.

Mgeni huyo ni mjomba wangu wa Arusha. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa dereva wa watalii, akiwapeleka wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na Wamarekani wengi aliowaendesha walimsimulia habari za Yellowstone huku wakisubiri simba waliolala waamke. Sasa amestaafu na anataka kuiona kwa macho yake. Amependa pikipiki tangu ujana, ila magoti yake hayawezi tena kuuhimili uzito wa pikipiki kubwa ya safari ndefu, ambayo huzidi kilo 350 hata kabla ya kupakiwa mizigo, kila inaposimama kwenye taa za barabarani au juu ya changarawe. Kwa hiyo yeye ataendesha traiki, yaani pikipiki ya magurudumu matatu, nami nitafuata kwa pikipiki yangu ya magurudumu mawili. Wapo waendeshaji wanaoitazama traiki kama chombo cha mtu aliyeshindwa, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mzee aliyefanya kazi miaka yote ile, ambaye magoti tu ndiyo yamemsaliti, anastahili kukaa kwenye upepo ule ule na kusikia harufu ile ile ya misonobari kama kijana wa miaka ishirini na mitano.

Kilichomshangaza zaidi nilipomweleza mpango ni kwamba pikipiki inaruhusiwa kuingia. Alikofanyia kazi, mtu haingii hifadhini kwa pikipiki kutazama wanyama. Mahali ambapo Mtanzania wa kawaida hupita kwa pikipiki katikati ya wanyamapori ni barabara kuu inayokatiza hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na aliyewahi kupita pale jioni, tembo wakiwa kando ya lami, hahitaji kuelezwa ninachozungumzia. Katika Yellowstone hali hiyo hudumu kwa siku nzima.

Jambo la kwanza kuamua lilikuwa mwezi. Barabara nyingi za Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida tangu mwanzoni mwa Novemba hadi Aprili, na njia ya Dunraven Pass, yenye mwinuko wa mita 2,700, kwa kawaida husubiri hadi mwisho wa Mei ndipo ifunguliwe. Huko kaskazini theluji inaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka. Kusini mwa Utah, kwa upande mwingine, Julai na Agosti bonde la Zion huvuka nyuzi 38 mara kwa mara, na kuanzia Julai hadi Septemba huja mvua za radi za alasiri ambazo hujaza makorongo maji kwa dakika chache. Ukiweka hali hizi mbili pamoja utaona kwamba miezi inayofaa ni michache. Nimechagua Septemba, baada ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi hapa. Baada yake familia hurudi makwao, shule zinakuwa zimefunguliwa, na foleni kwenye malango hupungua. Tutaanza kaskazini kabla baridi haijashika, kisha tutateremka kusini wakati jangwa linaanza kupoa. Anayesafiri Mei au Juni afanye kinyume chake: aanze na Zion na Bryce, apande Wyoming baadaye.

Jambo la pili lilikuwa kupunguza. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na hifadhi nyingi mno, na mjomba, kwa uzoefu wake wa kazi, ndiye aliyeikata. Aliniambia kwenye simu: “Mjomba, mgeni ukimkimbiza hifadhi tatu kwa siku mbili, anarudi kwao na picha za vumbi.” Glacier, iliyoko Montana mpakani na Kanada, imeondoka. Ina barabara ya ajabu iitwayo Going-to-the-Sun, yenye urefu wa kilomita 80 hivi, iliyokamilika mwaka 1932 na inayopanda hadi mita 2,026 pale Logan Pass. Lakini kwenda na kurudi kutoka Yellowstone kungeongeza zaidi ya kilomita 1,000, na mwili wa mtu mzima haulipi deni la namna hiyo kwa usiku mmoja wa kulala. Grand Canyon nayo imeondoka. Ukingo wake wa kusini na ule wa kaskazini vinatenganishwa na kilomita kama 16 kwa mruko wa ndege, ila kwa barabara ni zaidi ya kilomita 340, na hoteli kongwe ya ukingo wa kaskazini, ambao ndio ulio karibu na njia yetu, iliteketea kwa moto wa nyika Julai 2025.

Death Valley, bonde la jangwa la California, sikuifikiria hata kidogo, na hapa naomba nikae kidogo, maana kila mwaka nasikia watu wakipanga kuipita kwa pikipiki wakati wa kiangazi ili waseme wamepita. Mahali hapo ndipo palipoandikwa joto la nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, na rekodi hiyo ya dunia bado inatajwa rasmi. Tarehe 6 Julai 2024 waendesha pikipiki sita waliingia bondeni humo siku ambayo joto lilifika nyuzi 53. Mmoja alifariki, na mwingine alikimbizwa hospitali ya Las Vegas akiwa na hali mbaya. Helikopta ya uokoaji haikuweza kwenda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na joto likipita nyuzi 49 hivi mapanga ya helikopta hayapati tena hewa nzito ya kuibeba. Yaani joto linalokuangusha ndilo hilo hilo linalomzuia anayekuja kukuokoa.

Wengi tuliozaliwa ukanda wa joto tunadhani tunalijua joto, na dhana hiyo ni hatari. Joto la Dar es Salaam au Mombasa lina unyevunyevu. Unatoka jasho, unaliona, unaenda kutafuta maji. Katika jangwa la Utah jasho hukauka kabla hujalihisi, shati linabaki kavu, na mtu anadhani hali yake ni njema hadi kichwa kianze kugonga. Tena hewa ikizidi joto la mwili, upepo unaokupiga usoni haukupozi tena. Unakupasha moto na kukukausha. Kwa hiyo mwendesha pikipiki mwenye busara, joto likifika nyuzi 40, hafungui koti lake. Analifunga, ndani amevaa kizibao kilicholowekwa maji, na anaacha tundu dogo tu la hewa ili maji yale yakauke polepole na kumpoza. Nimemweleza mjomba jambo hili mara nyingi, na nitamrudia tena akifika.

Kuhusu traiki yenyewe, kuna aina mbili kuu. Moja ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama Tri Glide ya Harley-Davidson. Nyingine ina mawili mbele na moja nyuma, kama Spyder ya Can-Am. Mjomba amechagua ya kwanza, kwa sababu ya umbo lake la kizamani na kiti kipana. Chombo hicho kina uzito wa zaidi ya kilo 500, kina gia ya kurudi nyuma, na hakiangushwi na mtu kusimama vibaya. Lakini aliyezoea pikipiki ya magurudumu mawili lazima ajifunze upya. Pikipiki hulala kwenye kona, na kwa mwendo wa kasi mwendeshaji husukuma usukani upande wa kona ili ilale. Traiki hailali. Unaigeuza kwa kuvuta na kusukuma usukani kwa mabega, nayo inakutupa upande wa nje wa kona, hivyo unalazimika kuegemeza mwili ndani na kushika kwa nguvu. Baada ya saa tatu za milima, mabega yanachoka kuliko kiuno.

Lipo jambo moja dogo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote. Anayetoka kwenye magurudumu mawili, kila chombo kinapokaribia kusimama, hushusha mguu chini bila hata kufikiri. Kwenye traiki tabia hiyo ni ya hatari, kwa sababu gurudumu la nyuma liko pembeni, sawasawa na unapoangukia mguu, na linaweza kupanda kisigino kabla chombo hakijasimama. Miguu ikae juu ya vikanyagio hadi traiki itulie kabisa. Ndiyo maana siku ya kwanza mjomba hataenda popote. Nimepata ruhusa ya kutumia uwanja wa maegesho wa kanisa moja karibu na nyumbani, na huko atazunguka, atasimama, atarudi nyuma na kufunga breki kwa ghafla, hadi mguu wake wa kushoto usahau mazoea ya zamani.

Makaratasi nitayapitia haraka. Leseni yake ya Tanzania lazima ioneshe daraja A, la pikipiki, na aje na leseni ya kimataifa iliyotolewa nyumbani, kwa kuwa wakodishaji wa traiki huangalia vyote viwili na huwa hawakubali daraja la gari peke yake. Bima inayokuja na ukodishaji kwa kawaida hulinda kidogo sana, kwa hiyo tutanunua ya ziada kwa ajili ya madhara kwa watu wengine, na yeye atakata bima ya matibabu ya safari kabla ya kupanda ndege. Sheria ya kofia ngumu ni legevu katika majimbo tutakayopita: Utah humlazimisha aliye chini ya miaka 21, Wyoming, Montana na Idaho aliye chini ya miaka 18. Sisi tutavaa kofia kamili zinazofunika kidevu, kila kilomita, na hilo halina mjadala.

Viingilio vimebadilika, na msomaji anayekuja kutoka Afrika Mashariki ajue mapema. Tangu tarehe 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea hulipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, na zetu nne zimo: Yellowstone, Grand Teton, Bryce Canyon na Zion. Njia nyingine ni kununua kadi ya mwaka, ambayo kwa mgeni ni dola 250 na kwa mkazi ni dola 80. Kwa mjomba hesabu ni nyepesi, kwa sababu hifadhi nne zingemgharimu dola 400 za nyongeza peke yake, kabla ya kiingilio chenyewe. Atanunua kadi ya dola 250. Inaniuma kwamba mtu aliyewakaribisha Wamarekani katika hifadhi za kwao kwa muda wote ule analipa zaidi ya mara tatu ya ninacholipa mimi, ingawa naye mwenyewe alinikumbusha kwamba kwetu pia mgeni na mwenyeji hawalipi sawa.

Njia yetu kuelekea kaskazini inafuata barabara namba 89, ambayo ni uti wa mgongo wa hifadhi hizi, maana inatoka mpaka wa Kanada huko Montana hadi Flagstaff huko Arizona na kupita ndani au karibu na nyingi kati yake. Kutoka Salt Lake City hadi Jackson, chini ya milima ya Teton, ni kama kilomita 430 kwa barabara hiyo. Nimeweka kikomo cha kilomita 300 kwa siku, na siku ya kwanza iwe fupi zaidi, hivyo tutalala Garden City kando ya Ziwa Bear, baada ya kupita korongo la Logan ambalo lina kona za wastani, zinazomfaa mtu anayeizoea traiki. Kesho yake ndipo tuvuke Idaho na kuingia Wyoming.

Yellowstone ni kubwa, ingawa haifikii theluthi mbili ya Serengeti. Ilitengwa mwaka 1872 na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Barabara yake kuu inazunguka kama namba nane kwa takriban kilomita 229, na mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 72 kwa saa, mahali pengine chini ya hapo. Asije mtu akadhani ataimaliza kwa siku moja juu ya pikipiki. Hasubiri tu chemchemi ya Old Faithful irushe maji yake ya moto, jambo linalotokea kwa wastani wa kila dakika 90; atasubiri pia nyati wa Marekani wavuke barabara, nao hawana haraka. Dume la nyati hao hufika kilo 900 na hukimbia karibu kilomita 55 kwa saa. Kanuni ya hifadhi ni kukaa angalau mita 23 kutoka kwa nyati na kulungu wakubwa, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Kanuni hiyo ni rahisi kwa aliye ndani ya gari. Sisi, tukikuta kundi barabarani, tutasimama mbali, tutaacha nafasi ya kugeuza, hatutapiga honi wala kuvumisha injini, na tutasubiri gari lipite ili tujisitiri upande wake. Traiki ina gia ya kurudi nyuma, lakini ni ya mwendo wa kutambaa, kwa hiyo nafasi ya kugeuza iwepo kabla haijahitajika. Septemba pia ni msimu wa kupandana wa kulungu hao wakubwa, na madume hugombana hadi kwenye nyasi za Mammoth, kijiji kilicho ndani ya hifadhi, katikati ya majengo.

Anachotaka mjomba kuliko vyote ni bonde la Lamar, kaskazini-mashariki mwa hifadhi. Mbwa mwitu wa kijivu walikuwa wamekwisha Yellowstone, wakarudishwa kutoka Kanada kuanzia mwaka 1995, na bonde hilo ndilo mahali panapojulikana zaidi kwa kuwaona. Yeye anajua maana ya mnyama mwindaji kuondoka na kurudi katika nchi, na amekuwa akiniuliza maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu. Shida ni saa. Mbwa mwitu huonekana vizuri alfajiri, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa pikipiki: kuna giza, lami inaweza kuwa na barafu nyembamba kwenye madaraja, na nyati weusi wamesimama kwenye barabara nyeusi. Nimeweka sharti kwamba hatuendeshi hifadhini kabla jua halijachomoza wala baada ya kuzama, na sharti hilo silivunji kwa ajili ya mbwa mwitu. Tumeafikiana hivi: tutalala Gardiner, mji mdogo ulio kwenye lango la kaskazini, usiku mbili, traiki na pikipiki zitapumzika, na alfajiri tutaondoka kwa gari la waongoza watalii. Kwa mara ya kwanza mjomba atakaa kiti cha nyuma na mtu mwingine atashika usukani na darubini. Barabara ya kutoka Gardiner kupanda Mammoth, kwa anayeikumbuka ya zamani, si ile tena. Mafuriko ya Juni 2022 yaliisomba, na ya sasa ina mteremko mkali na kona za kubana, kwa hiyo traiki ipande kwa gia ya chini na bila haraka.

Chakula hakilali kwenye masanduku ya pikipiki usiku katika nchi ya dubu. Masanduku hayo, hata yakiwa ya plastiki ngumu yenye kufuli, hayamzuii dubu, na kinachohesabiwa kuwa ni chakula ni pamoja na dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kujipaka. Penye kambi kuna masanduku ya chuma. Penye hoteli, vitu hivyo huingia chumbani.

Kutoka Yellowstone tutarudi Salt Lake City kupitia Idaho Falls, na hapo kutakuwa na mapumziko nyumbani, kufua nguo, kubadilisha mafuta ya injini na kupima matairi. Traiki hula matairi yake ya nyuma kwa namna yake, nami nitayakagua kwa mkono, sehemu ya katikati na kingo, kabla ya kuelekea kusini. Kisha tutakwenda Torrey, mwendo wa kama kilomita 350, siku pekee tutakayovuka kikomo, tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi ili tuwe tumefika saa saba mchana. Hapo pana Capitol Reef, hifadhi ambayo watu huipita wakikimbilia Zion, nayo ina bustani za matunda zilizopandwa na walowezi Wamormoni kule Fruita, na katika msimu wake mgeni huchuma mwenyewe.

Barabara namba 12, kutoka Torrey hadi karibu na Bryce Canyon, ni sababu tosha ya kuja Utah. Ina urefu wa kilomita kama 200. Kwanza inapanda mlima Boulder hadi mita 2,900, juu ya kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ambacho kiko mita 2,720; mjomba akasema basi atalifungua sanduku la sweta pale pale. Inateremka hadi mji wa Boulder, uliokuwa miongoni mwa miji ya mwisho Marekani kupelekewa barua kwa nyumbu, na ukishafika unaelewa kwa nini. Mbele yake iko sehemu iitwayo Hogback. Barabara inapita juu ya mgongo mwembamba wa mwamba wa mchanga uliopauka, huku mteremko ukishuka kulia na kushoto, pasipo vizuizi vya chuma, na upana wa lami unatosha njia mbili tu. Upepo ukivuma pale pikipiki yangu husogezwa nusu hatua. Traiki hukaa imara zaidi, lakini ni pana na haina nafasi ya kukosea. Tutaipita asubuhi, kabla upepo haujaamka, na hatutasimama juu yake kupiga picha. Mafuta yapo Torrey, Boulder na Escalante, na kanuni yetu ni kujaza tangi likifika nusu, hata kama kituo kinachofuata kinaonekana karibu kwenye ramani.

Bryce iko kati ya mita 2,400 na 2,700, na usiku wa mwishoni mwa Septemba maji yanaweza kuganda kwenye chupa iliyoachwa nje. Kesho yake mchana tutakuwa chini ya bonde la Zion, mita kama 1,200, ambako bado kunaweza kuwa na nyuzi 32. Ni mwendo wa kilomita 135 tu. Kwa sababu hiyo nguo zitavaliwa kwa tabaka na kuvuliwa moja moja: Bryce na glavu nzito, Mount Carmel na glavu nyepesi, Springdale, kwenye lango la Zion, na kizibao cha maji. Kabla ya kushuka bondeni kuna handaki la Zion–Mount Carmel, lililokamilika mwaka 1930, lenye urefu wa kilomita 1.8 na bila taa. Unatoka kwenye mwanga mkali wa jangwa unaingia gizani kwa sekunde moja, na aliyevaa kioo cheusi cha kofia haoni kitu. Tutasimama kabla ya mlango, tupandishe vioo vyeusi, tuwashe taa, tuache nafasi ndefu kati yetu. Barabara ya ndani ya bonde lenyewe hufungwa kwa vyombo binafsi, pikipiki zikiwamo, mabasi ya hifadhi yanapofanya kazi, kwa hiyo kofia na makoti yatafungwa kwa waya wenye kufuli na sisi tutapanda basi kama kila mtu.

Mawasiliano ya simu hukatika kwa masafa marefu kwenye barabara hizi zote. Nimepakua ramani za kutumia bila intaneti, na nitabeba kifaa kidogo cha setilaiti kinachoweza kutuma ujumbe wa dharura. Shangazi na mke wangu watapokea mahali tulipo kila jioni. Redio za ndani ya kofia zitatuwezesha kuzungumza, na tumekubaliana kwamba yeye atatangulia siku zote, mwendo uwe wake, nami nisimpite hata barabara ikiwa wazi.

Kurudi Salt Lake City kutoka Zion ni karibu kilomita 500 za barabara kuu namba 15, na tutazigawa kwa kulala Fillmore. Baada ya hapo nimeacha siku moja tupu kabla ya traiki kurudishwa. Mvua ikitukamata mlima Boulder, au magoti yakikataa asubuhi moja, siku hiyo itatumika njiani. Isipotumika, mjomba amekwisha sema anataka kuirudia tena njia ya korongo la Logan, safari hii bila mizigo.